Jinsi ya kuagiza chipsi pande zote mbili za mpaka wa Ireland bila kuchokoza siasa za watu

Ukitoka Dublin kwa gari kwenda Belfast hutaona geti, hutaona askari, hutaona hata kibanda cha forodha. Mpaka kati ya Jamhuri ya Ireland (Kusini, nchi huru, mji mkuu Dublin) na Ireland Kaskazini (sehemu ya Uingereza, mji mkuu Belfast) upo, una urefu wa kama kilomita 500 na barabara zinazoukatiza ni zaidi ya 200, ila macho hayauoni kirahisi. Utashtukia tu vibao vya spidi vimetoka kilomita vimeingia maili, na ule mstari wa manjano pembeni ya lami umekuwa mweupe. Halafu unaingia kwenye duka la chipsi, unaangalia menyu, na hapo ndo unajua kwa uhakika uko nchi gani.

Kabla ya tumbo, makaratasi kwanza. Hili watu wetu wengi hawaambiwi. Kukosekana kwa geti hakumaanishi kila mtu ameruhusiwa kuvuka. Ule utaratibu wa kusafiri huru kati ya Ireland na Uingereza, ambao una miaka zaidi ya mia sasa, ni wa raia wa Ireland na wa Uingereza. We mwenye pasi ya Kenya au Tanzania, viza ya Ireland inakupa Jamhuri tu, ukitaka kwenda kula Belfast unahitaji ya Uingereza pia. Na kuna siku polisi wa Jamhuri wanapanda basi linalotoka Belfast na kuuliza vitambulisho, kwa hiyo usijidanganye eti barabara ni nyeupe.

Haya, pesa. Kusini euro, Kaskazini pauni. Maduka mengi ya karibu na mpaka yanapokea zote mbili ila bei ya kubadilisha wanajipangia wenyewe, so lipa kwa kadi. Kitu kingine, Kaskazini utarudishiwa chenji ya noti zilizochapishwa na benki za huko huko, ni pesa halali kabisa lakini zimalize hapo hapo, maana ukifika nazo London muuzaji anaweza kuzigeuza geuza kama amepewa karatasi ya karanga.

Sasa tuje kwenye chakula chenyewe. Kusini duka la chipsi wanaliita chipper, na mengi ya Dublin yalianzishwa na familia za Kiitaliano, ndo maana majina ya mlangoni ni Macari, Borza na kadhalika. Ukiwa Dublin agiza spice bag, hiyo usiikose. Ni mfuko wa chipsi, vipande vya kuku wa kukaanga mkavu, pilipili hoho, vitunguu, pilipili kali na unga wa viungo, vyote vinatikiswa pamoja. Inatoka kwenye maduka ya Kichina ya Dublin, ila China kwenyewe usiitafute, ni kitu cha Ireland kabisa. Mchana nenda kwenye kituo cha mafuta, usicheke, kaunta za vyakula za vituo vya mafuta vya kule ni habari nyingine. Omba chicken fillet roll, mkate mrefu wenye kuku wa chenga za mkate, watakuuliza kuku wa kawaida au wa pilipili, siagi au mayonezi, jibu haraka kwa sababu foleni ya mafundi ujenzi nyuma yako haina subira. Ukitaka mgahawa wenye matawi mengi, wa wenyeji wenyewe, kuna Supermac's, ilianza 1978 Ballinasloe kaunti ya Galway, hawa ndo waliobishana na McDonald's mahakamani Ulaya kuhusu jina la Big Mac, na mwaka 2024 mahakama ikasema McDonald's haina tena haki ya kulimiliki jina hilo kwa sandwichi za kuku. Mimi ningechukua chipsi zao za kitunguu saumu na jibini, nzito hizo, usipange kazi ya maana baada yake.

Ukivuka, chipper inakuwa chippy na neno la kujifunza ni supper. Supper kwenye duka la chipsi la Belfast haina uhusiano na saa, maana yake unataka na chipsi. Fish supper ni samaki na chipsi hata kama ni saa sita mchana. Cowboy supper ni soseji, maharage na chipsi. Na cha kuagiza hasa ni pastie supper: nyama ya nguruwe ya kusaga, viazi, vitunguu na viungo, inafanywa duara, inachovywa kwenye rojo la unga na kukaangwa kwa mafuta mengi. (Kwa asiyekula nguruwe, uliza kabla hujalipa, maana ukiiangalia hujui kama ni nguruwe.) Ukisema pastie bap unapewa ndani ya mkate laini wa duara. Asubuhi omba filled soda, mkate wa magadi unaojazwa bekoni, soseji na yai. Watakuuliza chumvi na siki, kubali zote.

Siasa sasa, maana kwenye foleni watu wanaongea. Usimwambie mtu wa Dublin kwamba yuko Uingereza, hiyo ndo mbaya kuliko zote. Kaskazini usimuulize mtu dini yake wala yuko upande gani, wa Ireland au wa Uingereza, hata kama unaona ni swali la kirafiki. Mji wa kaskazini magharibi wengine wanauita Derry na wengine Londonderry, na jina analotumia mtu mara nyingi linakuonesha anaegemea wapi, so subiri aseme yeye kwanza halafu tumia alilosema. Na tarehe 12 Julai, siku ya maandamano ya Orange Order (jumuiya ya Waprotestanti wanaotaka kubaki na Uingereza), maduka mengi yanafunga, kwa hiyo kula mapema au jipikie.

Wakianza mambo ya Brexit, hii ndo picha ya kuelewa ili usipotee kwenye maongezi. Hakuna anayetaka geti lirudi barabarani, kwa sababu vituo vya mpakani vilikuwa shabaha wakati wa vita vya pande mbili za Kaskazini, na amani ilikuja na Mkataba wa Ijumaa Kuu wa 1998. Uingereza ilipotoka Umoja wa Ulaya ukaguzi ulilazimika kukaa mahali fulani, ukapelekwa baharini, kati ya Ireland Kaskazini na Uingereza yenyewe. Na kilichoumiza kichwa zaidi kilikuwa chakula. Sheria za Ulaya haziruhusu soseji mbichi za baridi kutoka nje ya umoja, kwa hiyo mwaka 2021 London na Brussels walizozana kuhusu soseji za kupelekwa Belfast, magazeti yakaita vita vya soseji. Wanaotaka kubaki na Uingereza waliona wametengwa, chama chao cha DUP kikajitoa serikalini Februari 2022 na Belfast ikakaa miaka miwili bila serikali yake. Makubaliano ya Windsor ya 2023 yalipunguza makali: bidhaa zinazobaki Kaskazini zinapita njia ya haraka, na nyingi zina lebo ya kusema si za Umoja wa Ulaya. Utaiona kwenye maziwa na nyama za supamaketi. Ukimuuliza mwenye chippy atakwambia habari za makaratasi ya lori kwa dakika kumi, msikilize tu, chipsi zako bado zinakaangwa.

Kubeba chakula: pastie ya Newry (Kaskazini) unaweza kuingia nayo Dundalk (Kusini) ukiwa unaitafuna, hakuna shida, maana Kaskazini inafuata sheria hizo hizo za Ulaya kwenye nyama. Sandwichi ya ham (nyama ya nguruwe) uliyonunua London ndo huruhusiwi kushuka nayo uwanja wa ndege wa Dublin, ile ile, hata kama nusu umeshakula.

Na ukinunua krispi za Tayto angalia pakiti vizuri. Kuna Tayto ya Kusini, ya tangu 1954, na kuna Tayto ya Kaskazini inayotengenezwa Tandragee kaunti ya Armagh, kampuni mbili tofauti zilizokubaliana kutumia jina moja. Ya Kaskazini ya jibini na kitunguu ni pakiti ya manjano. Nunua zote mbili, uamue mwenyewe, ila uamuzi wako usiutangaze ukiwa bado kwenye foleni.