Shahada kwa uzoefu wa kazi: namna ya kuipata bila kuuziwa karatasi

Kazi yangu ni kusoma majalada ya watu wanaotaka uzoefu wao wa kazini uhesabiwe kwenye shahada. Wengi huniuliza kwa sauti ya chini kama huo si udanganyifu. Si udanganyifu. Mtunza stoo aliyejifunza hesabu za ghala kazini akizijua sawasawa na aliyezisomea chuoni, kumrudisha darasani ni kumlia ada tu. Udanganyifu huanzia pale chuo kinapohesabu miaka ya kazi badala ya kupima ujuzi.

Kwa hiyo kabla hujalipa chochote, uliza: nani atasoma jalada langu, na anaweza kunikatalia? Chuo cha kweli kitakupa jibu refu la kuchosha. Ufaransa, ambako sheria ya mwaka 2002 inaruhusu hata shahada nzima kupatikana kwa njia hii, mwombaji huandika maelezo ya kazi zake kisha huhojiwa na jopo, nalo laweza kumpa sehemu tu au kumnyima kabisa. Duka la vyeti halimkatalii mtu. Mwaka 2004 wapelelezi wa jimbo la Pennsylvania, Marekani, walimwombea paka aitwaye Colby Nolan shahada ya biashara kwa dola 299. Waliojiita Trinity Southern University wakaona uzoefu wake unatosha hata shahada ya uzamili. Paka!

Nembo ya ithibati, yaani uthibitisho kuwa chuo kimekaguliwa na kukubaliwa, isikutulize ukiiona kwenye tovuti. Kampuni ya Axact ya Pakistan, iliyofichuliwa mwaka 2015, ilikuwa na mamia ya tovuti za shule na vyuo hewa, pamoja na vyombo vya ithibati vya kubuni vya kuvitetea. Anzia kwenye mamlaka ya elimu ya nchi husika, utafute jina la chuo humo mwenyewe, herufi kwa herufi, maana matapeli hupenda majina yanayofanana na ya vyuo vikubwa.

Sasa jalada lenyewe. Hapa ndipo watu hodari huanguka. Wananiletea barua ya mwajiri: "Ametutumikia kwa uaminifu miaka 12." Vizuri, lakini uaminifu sina somo la kuulinganisha nao. Omba muhtasari wa somo, soma kipengele kimoja kimoja, na kila kimoja kijibu kwa kazi uliyoifanya. Mtunza stoo wetu asiseme "nilisimamia bidhaa". Aseme: tunatumia katoni 40 kwa siku, mzigo huchukua siku 10 kufika, akiba ya dharura ni 100, hivyo zikibaki 500 naagiza. Aambatishe ukurasa wa leja, majina ya wateja yakiwa yamefichwa, kisha aeleze siku msambazaji alipochelewa na kwa nini aliipandisha akiba baada ya hapo. Hapo kwenye "kwa nini" ndipo ninapotoa alama.

Usimlipe mtu akuandikie. Kwenye mahojiano tutaligusa hilo hilo la akiba, na aliyeandikiwa hujulikana kwa swali la pili.

Ukishaipata shahada, iandike kwenye wasifu kama mhitimu mwingine yeyote, na ukiulizwa njia uliyopitia, itaje wazi. Kama ulishanunua ile ya dukani, iondoe. Miaka yako ya kazi iache palepale. Hiyo ndiyo ya kuombea upya kwenye chuo halali.