Kilomita 21 za msituni: achana na saa, sikiliza pumzi

Kama umeshakimbia 21 ya lami hapa mjini Kampala na sasa unataka kujaribu ya msituni, cha kwanza nakuomba usiifuate saa. Ivae ukitaka, lakini usiiamini. Chini ya miti mikubwa saa inapoteza setilaiti, inakuambia uko kilomita ya 9 na kibao cha njiani kinasema 10, alafu ata ingekuwa sawa bado haikusaidii, manake kilomita moja ya tope ndani ya msitu wa Mabira na kilomita moja ya nyasi kwenye bustani ya Entebbe si kitu kimoja, hii unaimaliza kwa dakika sita na ile kwa dakika kumi na jasho ni lile lile. Mimi ilinichukua mbio tatu kuelewa. Mtu anayemaliza lami kwa saa mbili na dakika kumi, msituni ajipangie saa mbili na nusu mpaka tatu, na asione vibaya. Kipimo ni pumzi: ukiweza kumwambia mwenzako sentensi nzima bila kukatika uko sawa, ukibaki na neno moja moja, punguza.

Mazoezi jipe wiki 12, kama sasa hivi unaweza kukimbia kilomita 6 au 7 bila kusimama. Siku nne kwa wiki zinatosha, mbili nyepesi, moja ya vilima, na Jumapili mbio ndefu. Ile ndefu ihesabu kwa muda, usihesabu kilomita: anza na saa nzima, ongeza dakika kumi kila wiki, kila wiki ya nne rudi nyuma kidogo mwili upumzike, mpaka ufike saa mbili na dakika kumi hivi. Hapo panatosha. Huna haja ya kukimbia 21 nzima kabla ya siku yenyewe, na wiki mbili za mwisho punguza kabisa, ata kama miguu inawasha.

Vilima Kampala tunavyo bure, Muyenga, Makindye, Kololo, popote unapokaa hukosi kimoja. Panda dakika mbili, shuka, rudia mara sita. Ila wengi wanafanya mazoezi ya kupanda tu, kushuka wanatembea huku wanaangalia simu, alafu siku ya mbio wakifika mteremko wa kilomita ya 15 mapaja yamekufa. Kushuka ndio kunakovunja misuli ya mbele ya paja, kwa sababu kila hatua unafunga breki. Kwa hiyo kushuka nako kufanyie mazoezi, tena kwenye barabara za udongo, usibaki kwenye lami. Na asubuhi ukipiga mswaki simama kwa mguu mmoja, dakika moja kulia, dakika moja kushoto, ukizoea fumba macho. Kitu kidogo sana lakini kifundo cha mguu kinapata akili, siku ukikanyaga mzizi vibaya mguu wenyewe unajirudisha kabla wewe hujajua.

Sasa pa kuzoea miti ni wapi. Kwa anayeanza napenda sana bustani ya mimea ya Entebbe, ile iliyoanzishwa 1898, manake iko pembeni ya ziwa, nyasi laini, mizizi mikubwa unaiona vizuri, na ukichoka uko karibu na steji ya teksi. Unalipa kidogo getini, na tumbili wasikuone na ndizi mkononi, watakufuata. Ukishazoea nenda Mpanga, barabara ya Masaka upande wa Mpigi, karibu na Mpambire wanakotengeneza ngoma, pale msitu ni mdogo lakini ni msitu kweli, giza kidogo, majani yaliyooza chini, unajifunza kutafuta pa kukanyaga. Mabira iwe ya mwisho. Ile ni kubwa, kama kilomita za mraba 300, njia zinagawanyika na zinafanana, usiingie peke yako na usiingie bila mtu wa pale anayezijua. Na ukienda popote mwambie mtu nyumbani unarudi saa ngapi.

Viatu. Si lazima dukani, soko la Owino unapata vya mtumba vizuri sana, ila ujue unachotafuta. Geuza kiatu uangalie meno ya chini, yawe marefu na yameachana, meno yaliyobanana yanashika tope alafu unakimbia na kilo mbili kila mguu. Kikunje: kikunjike pale vidole vinapokunjika, kikikunjika katikati kimeisha. Bonyeza soli pembeni kwa kidole gumba, ikikaa ngumu kama ubao mwache muuzaji na kiatu chake. Kagua gundi mbele kwenye ncha, hapo ndipo kiatu cha mtumba kinaachia siku ya tope. Kivae na soksi zako zile zile za mbio, jioni miguu ikiwa imevimba kidogo, na mbele ya kidole kikubwa ibaki nafasi ya upana wa kidole, usipoiacha kushuka kutakung'oa kucha. Soksi za pamba hapana, zinanyonya maji na kuyatunza, ndio malengelenge hayo. Paka vaselini vidoleni, kisigino na katikati ya mapaja. Kamba funga mara mbili alafu chomeka ncha ndani, tope linavuta kamba iliyolegea.

Kujiandikisha sitakaa sana: unalipa kwa simu, namba unachukua siku moja kabla, unauliza mambo matatu tu, muda wa mwisho wa kumaliza ni saa ngapi, maji yako kila kilomita ngapi, na njia imewekwa alama za rangi gani. Nyuma ya namba yako andika simu ya ndugu na ugonjwa wowote ulio nao. Hilo la alama lichukue kwa uzito. Kuna mbio niliwahi kukimbia ambapo riboni zilikuwa za kijani, kijani ndani ya msitu jamani, tukapotea watu kumi na mbili karibu nusu saa. Tangu siku hiyo nina sheria moja, nikikimbia dakika tano bila kuona alama nasimama, narudi mpaka ile ya mwisho niliyoiona.

Chakula cha usiku uliotangulia kiwe kile tumbo lako linakijua, matooke (ndizi za kupika) au posho (ugali) au wali na mchuzi mwepesi, maharage mengi acha. Asubuhi, zikibaki saa mbili mbio zianze, chai na mkate au ndizi mbili. Rolex, ile chapati ya kukunja na mayai, ya mafuta mengi itakungoja baadaye. Njiani beba maji yako, nusu lita kwa saa kwa wengi inatosha, na kitu cha kutafuna kila dakika 40, mimi nabeba vindizi vile vidogo vya sukari na chumvi kidogo kwenye karatasi. Usinywe maji ya kijito ata yakiwa yanang'aa.

Mkianza, waache waende. Hapa nataka unisikilize kabisa. Machi 2017 mbio za nyika za dunia zilifanyika hapa hapa Kololo, na Mganda mwenzetu Joshua Cheptegei aliongoza mbele ya watu wake, uwanja mzima unapiga kelele, kabaki na mzunguko wa mwisho, joto kali, na mwili ukakataa. Alimaliza wa 30. Yule ni mmoja wa wakimbiaji wakubwa dunia imewahi kuona, miaka miwili baadaye alirudi akachukua ubingwa wa mbio hizo hizo kule Aarhus. Kama mwili unaweza kumkatalia Cheptegei, wewe na mimi ni nani? Kilomita tano za kwanza zikimbie kama unamsindikiza mgeni. Kilima kikikaza tembea, mikono juu ya magoti, hatua fupi, wala huonekani mvivu, wote walio mbele yako nao wanatembea. Ukitaka kumpita mtu kwenye njia nyembamba sema mapema, "dada, napita kulia," alafu ngoja akupishe.

Kwenye tope la mteremko, hii ni ya kujifunza kwa mwili kuliko kusoma, lakini nijaribu. Usiegemee nyuma. Kila mtu anaegemea nyuma kwa woga na ndio maana anakaa chini. Kunja magoti kidogo, mwili uelekee unakoshuka, mikono iachie ipanuke kama unabeba ndoo mbili, hatua ziwe fupi na za haraka, mguu uguse na kuondoka, macho yaangalie hatua tatu au nne mbele, usiangalie ncha za viatu. Udongo mwekundu unaong'aa unateleza kuliko ule wenye majani juu, kwa hiyo tafuta pembeni penye majani. Mzizi uliolowa usiukanyage juu, uruke, au kanyaga nyuma yake. Ukijua unaanguka angukia ubavu, mikono usiinyooshe mbele, kifundo cha mkono ni rahisi kuvunjika.

Na siafu. Utaona mstari mweusi unaosogea umekatiza njia, mara nyingi baada ya mvua. Mara yangu ya kwanza Mabira nilisimama niuangalie vizuri, na mzee aliyekuwa anatuongoza akapiga kelele, "mwanangu usisimame hapo, ruka!" Nilichelewa, walishafika kiunoni. Ukiuona ruka mbali, endelea kukimbia hatua hamsini hivi, ndipo usimame ujikague. Wakishakuuma mng'oe mmoja mmoja, kupangusa hakusaidii, kichwa kinabaki kimeshika. Na aliye nyuma yako mpigie kelele, "siafu!", ni haki yake.

Mvua ya kwetu huku karibu na ziwa inapenda asubuhi, hasa Machi mpaka Mei na Septemba mpaka Novemba. Mvua yenyewe si shida, radi ndio shida. Ikianza kupiga karibu toka chini ya mti uliosimama peke yake, toka mahali pa wazi, na waandaaji wakisema simameni basi simama, muda wako hauna maana hapo.

Ukimaliza usikae chini mara moja, tembea dakika kumi, vua soksi zilizolowa, kunywa, kula. Kama mbio zimeishia Entebbe utaona watu wanaingiza miguu ziwani kupoza, usifanye hivyo, kwenye maji ya ukingoni kuna konokono wanaobeba kichocho na mguu wenye michubuko hauhitaji hilo. Omba ndoo ya maji ya bomba. Kama ni Mabira, vuka mpaka Najjembe barabarani, kuku wa kijiti na gonja, ndizi ya kuchoma, ya moto vinakuja mpaka dirishani kwa gari, ukila na mikono ina tope bado unausikia ule moshi. Viatu usivianike juani, jaza magazeti ndani, viweke kivulini, na tope la kwenye meno litoe kwa kijiti likiwa bado bichi, likikauka utakaa nalo nusu siku.