Jinsi ya kusoma mifupa ya mawindo ya kale kutoka misitu ya kitropiki

Ukikaa mbele ya fungu la mifupa iliyotoka pangoni, swali la kwanza si "waliwinda nini?" bali "nani aliyeileta humu?" Popo hufia mapangoni. Bundi hutapika madonge yaliyojaa mifupa ya panya. Nungunungu hukokota mifupa hadi shimoni aitafune, na chui huburuta windo lake mpaka mahali pa faragha. Usipomaliza swali hilo, utawahesabia watu wa kale mawindo ambayo hawakuyagusa.

Kazi hii hufanyika zaidi mapangoni kwa sababu udongo wa msitu wa mvua una asidi na huula mfupa, ilhali mawe ya chokaa huituliza asidi hiyo. Ndiyo maana tunajua mengi kutoka pango la Fa-Hien Lena, Sri Lanka, na mapango ya Niah huko Sarawak, kisiwani Borneo.

Udongo wote upite kwenye chekeche yenye matundu ya milimita 2 hadi 3. Chekeche ya milimita 10 itakubakizia nguruwe na kuwapoteza kindi, na katika msitu wa kitropiki sehemu kubwa ya habari imo kwa wanyama wadogo. Udongo ukinata, chekecha kwa maji. Osha mfupa kwa brashi laini na maji matupu, kisha uanike kivulini, maana jua huupasua. Ganda la chokaa usilikwangue kwa chuma: mkwaruzo utakaouacha utafanana sana na alama ya kisu cha jiwe. Kila mfuko uandikwe namba ya tabaka, kwa sababu mfupa usiojulikana tabaka lake hauwezi tena kueleza ni wa wakati gani.

Baada ya hapo, tambua na uhesabu. Ukipata taya 7 za kushoto za kima na taya 5 za kulia kutoka tabaka moja, una kima wasiopungua 7, wala si 12. Andika pia idadi ya vipande vyenyewe, kwa kuwa hesabu hizo mbili hukosea kwa njia tofauti: vipande huongezeka kila mfupa unapovunjika, na hesabu ya wanyama huwapa uzito kupita kiasi wale walioacha jino moja tu. Usifikirie upesi kwamba wawindaji waliacha sehemu fulani ya mnyama porini. Ncha ya juu ya mfupa wa mkono wa juu ni laini na huoza mapema. Ncha yake ya chini, karibu na kiwiko, ni ngumu na hudumu. Sehemu laini zikikosekana zote pamoja, mlaumu udongo kwanza.

Sasa alama, ambazo ndizo kiini cha kazi. Shika mfupa chini ya taa inayomulika kutoka upande, na lenzi inayokuza mara 10 hadi 20, ukiugeuza polepole. Mkato wa jiwe una umbo la V, na ndani yake mna mistari myembamba inayofuata uelekeo wa mkato. Jino la mla nyama huacha vishimo na mifereji yenye kitako cha mviringo. Panya huacha mifereji bapa inayokwenda sambamba, miwili miwili. Mizizi huchora matawi yanayopindapinda. Mfupa uliokanyagwa kwenye mchanga huwa na mikwaruzo mifupi isiyo na kina, inayokwenda kila upande.

Tazama vilevile mkato uko wapi. Chukua mfupa wa paja la kima: mikato mifupi karibu na nyonga ni ya kutenganisha kiungo, na mirefu kwenye shina ni ya kutoa nyama. Mikato kuzunguka vifundo vya miguu au usoni huwa ya kuchuna ngozi. Kwa kindi usitarajie mingi, kwani mnyama mdogo anaweza kuraruliwa kwa mikono. Hapo angalia moto. Mnyama aliyebanikwa mzima huungua mahali penye nyama chache: meno ya mbele, pua, vidole. Jihadhari na manganizi, madini yanayoupaka mfupa weusi. Chungulia mahali ulipovunjika: weusi wa manganizi mara nyingi huishia juu juu, wa moto huingia ndani.

Mfupa uliovunjwa ukiwa mbichi, kwa mfano kutafuta uboho, hupasuka kwa mzunguko na kingo laini. Mkavu hukatika kwa kunyooka na kingo zake hukwaruza. Mahali penye rangi nyeupe kuliko sehemu nyingine pamevunjwa na wachimbaji wenyewe.

Ukishajiridhisha kwamba watu ndio walioleta mifupa, uliza walinasaje. Umri husaidia. Tazama kulika kwa magego, na kama ncha za mifupa mirefu zimeungana na shina. Mtego wa kitanzi hauchagui sana, hunasa wadogo kwa wakubwa. Mwindaji mwenye silaha anaweza kuchagua. Huko Niah, ambako nguruwe mwenye ndevu ni wengi, watafiti wamependekeza kwamba mitego ilitumika. Fa-Hien Lena, ambako watu walianza kuishi zaidi ya miaka 45,000 iliyopita, wengi ni kima na kindi wakubwa wa mitini, na zaidi ni waliokomaa. Hilo linaonyesha watu walioujua msitu vizuri, si waliookota kilichokuja.

Kwa hiyo usifunge sanduku kabla ya kutafuta silaha ndani ya mifupa hiyo hiyo. Katika pango hilo mifupa ya kima ilichongwa kuwa ncha. Kagua kila kipande chembamba chenye mng'aro: je, mikwaruzo ya kuchonga inakwenda kwa urefu wake? Je, kuna alama za kufungwa kwenye mpini? Je, ncha imevunjika kwa kugonga kitu kigumu? Mng'aro peke yake hautoshi, kwa maana maji yatiririkayo pangoni nayo husugua mfupa, ila husugua pande zote sawasawa.