Kununua kisu cha kipepeo kwa bei nafuu Malindi, na sheria unayopaswa kuijua kabla ya kulipa

Kisu cha kipepeo kina ubapa mmoja na mipini miwili inayozunguka kwenye shina la ubapa. Ukikifunga, mipini huyaficha makali; ukikifungua, hukutana nyuma ikawa mpini mmoja. Kinajulikana zaidi kwa kutengenezwa Taal, mkoani Batangas, Ufilipino, ambako hukiita balisong. Anayekitafuta huku kwetu aghalabu hana haja ya kukata kitu. Anataka kujifunza kukizungusha mkononi, na somo hili limeandikwa kwa ajili yake.

Hatua ya 1: Anza na kile butu

Kuna visu vya kipepeo vya mazoezi ambavyo ubapa wake hauna makali wala ncha. Mara nyingi ubapa huo ni mnene na una matundu ili uzito ukaribiane na wa kisu chenyewe. Chukua hicho kwanza, hata kama una mkono mwepesi kiasi gani. Anayejifunza hugongwa na ubapa kwenye viungo vya vidole kila siku. Cha butu kitakuachia uvimbe. Cha makali kinaweza kukata kano inayonyoosha kidole, na kano iliyokatika haijiungi kwa plasta. Inahitaji daktari wa upasuaji.

Hatua ya 2: Tofautisha mipini miwili

Mpini mmoja huangukia mgongo wa ubapa. Huo ni mpini salama. Wa pili huangukia makali, nao huitwa mpini wa kung'ata. Unayeanza, shika mpini salama wakati wote. Komeo la kufungia mara nyingi huwekwa kwenye mpini wa kung'ata, lakini si kila mtengenezaji anafuata hivyo, kwa hiyo funga polepole na utazame kwa macho yako. Kwenye kisu butu ambacho pande zote mbili zinafanana, chagua mpini mmoja, uzungushie utepe mwekundu wa fundi wa umeme, na uuhesabu kuwa ndio wa kung'ata. Ukizoea vibaya na cha butu, mkono utaendelea vivyo hivyo siku utakaposhika chenye makali.

Hatua ya 3: Pesa yako iende kwenye bawaba

Hapa ndipo wanunuzi wengi huharibikiwa. Wanatazama rangi ya ubapa na michoro ya joka, na bawaba hawaigusi. Kisu cha kipepeo kizuri au kibaya ni bawaba yake. Zipo za aina tatu.

Ya kwanza ni riveti iliyogongwa pande zote mbili. Ndiyo rahisi kuliko zote. Ikianza kulegea haina skrubu ya kukaza. Ukiigonga kwa nyundo inabana upande mmoja na mpini unakwama. Kisu cha riveti kikilegea ndiyo mwisho wake.

Ya pili ni skrubu na washa, yaani pete bapa zinazokaa kati ya ubapa na mipini. Hapa unaweza kurekebisha, ila kuna mvutano: ukikaza sana mpini hauzunguki, ukilegeza kidogo unayumba. Lazima utafute mahali pa katikati, kisha uizuie skrubu isitoke hapo.

Ya tatu ni bushi. Ndani ya tundu la shina kuna kipande kidogo cha shaba chenye umbo la bomba, kirefu kuliko unene wa shina na washa zake kwa kiasi cha unyoya tu. Mipini hubana bushi, ubapa nao unazunguka huru juu yake. Kwa hiyo skrubu inakazwa hadi mwisho na mzunguko unabaki mwepesi. Ukipata cha mazoezi chenye bushi kwa tofauti ndogo ya bei, ongeza pesa.

Tazama pia mipini imetengenezwa kwa nini. Ile ya kumiminwa kwa zinki ina uzito wa kupendeza mkononi lakini huvunjika karibu na bawaba ikianguka juu ya sakafu ya saruji. Aluminiamu au chuma kisichoshika kutu hustahimili zaidi.

Hatua ya 4: Kagua kabla ya kutoa pesa

Dukani, omba ukishike. Shika ubapa kwa mgongo wake, acha mipini ining'inie, tikisa taratibu. Kuyumba kidogo ni kawaida. Ukisikia mlio wa kugongana kwenye bawaba, kiache. Kisha inua mpini mmoja na uuachilie: unatakiwa ushuke kwa uzito wake wenyewe, bila kusitasita mahali popote.

Kifunge, kielekeze kwenye mwanga wa mlango, na uchungulie kati ya mipini. Unapaswa kuona mwanya mwembamba kati ya ukingo wa ubapa na mpini. Pasipo na mwanya, ubapa unagusa chuma kila ukifunga, na kama una makali yatakuwa na mapengo ndani ya wiki.

Cha butu nacho kina lake: pitisha pamba kwenye ukingo wote wa ubapa na kwenye matundu. Nyuzi zikinasa, mashine imeacha vijino vya chuma. Si sababu ya kukikataa. Tupa laini na msasa namba 400 vinatosha kuvilainisha.

Ukiagiza mtandaoni, mwombe muuzaji picha ya bawaba kutoka upande, uzito kwa gramu, na jibu la wazi kama kina bushi au washa. Muuzaji asiyejibu hilo hajui anachouza. Hesabu kodi mapema: VAT ya asilimia 16 hutozwa juu ya bei, usafirishaji na ushuru kwa pamoja. Kitu cha shilingi 2,000 chenye nauli ya 1,500 huanza kuhesabiwa kwa 3,500. Na muulize msafirishaji kama anapokea visu kabla hujalipa, kwa sababu baadhi yao huvikataa na mzigo hurudi kwa gharama yako.

Hatua ya 5: Kiandae

Kisu cha bei nafuu hakiji tayari. Fungua skrubu za bawaba moja kwanza, si zote mbili, ili usichanganye vipande. Vichwa vya nyota vya aina ya Torx vinataka bisibisi yake, mara nyingi T8. Ukilazimisha ndogo zaidi unakula kichwa cha skrubu na hakitoki tena. Futa mafuta ya kiwandani kwa spiriti. Acha nyuzi za skrubu zikauke kabisa, kwa sababu gundi haishiki juu ya mafuta. Tia tone moja dogo la gundi ya kuzuia skrubu, ile ya buluu, kwenye ncha ya nyuzi pekee. Ikitiririka ndani ya bushi, mpini utaganda. Kaza, kisha kiache kwa saa 24.

Baada ya hapo, tone moja la mafuta ya cherehani kila bawaba. Mafuta ya nazi yasitumike: hunata na kukusanya mchanga. Upepo wetu una chumvi, hasa kusi inapovuma, kwa hiyo futa ubapa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo kila unapomaliza, hata kama umeambiwa chuma chake hakishiki kutu. Chuma cha D2, ambacho wengi hukisifu kwa kushika makali, huku pwani huota madoa upesi.

Hatua ya 6: Sheria

Nchini Kenya kisu hakiombewi leseni kama bunduki. Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, si ya visu. Lakini usitulie hapo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, inatazama umekishika wapi, vipi na kwa nini. Kifungu cha 88 kinamhusu anayetembea hadharani na silaha bila sababu halali, kwa namna ya kuwatia watu hofu. Kifungu cha 308 kinamhusu aliyekutwa na silaha ya hatari katika mazingira yanayoonyesha nia ya kutenda kosa kubwa, na kifungo chake ni miaka 7 hadi 15. Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, inakataza silaha za kudhuru kwenye mikutano na maandamano ya hadhara. Fikiria hilo wakati wa kampeni.

Mwenye panga akielekea shambani, au mvuvi mwenye kisu chake chomboni, ana maelezo yanayoonekana. Kijana mwenye kisu cha kipepeo mfukoni saa tatu usiku hana. Kwa hiyo cha makali kikae nyumbani, mahali pa kufungwa kwa ufunguo. Hata cha butu usikizungushe stendi, ufukweni mbele ya wageni, wala karibu na benki: aliye mbali haoni kama hakina makali, na askari hawezi kulaumiwa kwa kudhani.

Nje ya Kenya mambo hubadilika, kwa sababu zipo nchi ambazo kisu chenyewe ndicho kosa. Uingereza imepiga marufuku kukiuza tangu 1988, na tangu tarehe 14 Julai 2021 hata kukiweka nyumbani ni kosa. Ujerumani ilikikataza mwaka 2003. Ufilipino kwenyewe, sheria ya mwaka 1978 inazuia kubeba silaha ya ubapa nje ya nyumba isipokuwa kwa kazi. Marekani kila jimbo lina lake.

Maswali ya wasomaji

*Kutoka Maweni: Fundi, nimetia gundi ya buluu mara mbili na skrubu bado inatoka. Tatizo nini?*

Mambo mawili. Aidha nyuzi zilikuwa na mafuta, au hukusubiri ikauke ukaanza kuzungusha siku hiyohiyo. Toa gundi yote ya zamani kwa sindano, osha kwa spiriti, urudie. Ikishindikana tena, angalia nyuzi ndani ya mpini: kama mpini ni wa zinki huenda zimeliwa, na hapo gundi haisaidii. Nyekundu usijaribu, kwani kuitoa hutaka moto.

*Kutoka Mokowe: Kaka, napanda basi la Malindi kuja Lamu na njiani kuna vizuizi vingi. Cha mazoezi nikiweke wapi?*

Kiache nyumbani ikiwezekana. Kama unahama nacho, kiwe ndani ya begi kubwa, kimefungwa kwenye boksi lake pamoja na risiti, si mfukoni. Ukiulizwa, sema mapema kuna kitu gani na kiko wapi, umwachie askari akitoe mwenyewe. Usikifungue kumwonyesha. Kwa ndege, iwe Malindi au Manda, haingii nacho mtu ndani hata kikiwa butu. Uliza shirika kama kitakubaliwa kwenye mzigo wa chini.

*Kutoka Shela: Mwalimu, mwanangu ana miaka 13 na anakitaka. Nimnunulie?*

Mama, cha butu tu, na utunze wewe. Mwanzo atumie cha plastiki, akae chini juu ya mkeka ili kikianguka kisimpige mguu. Asikipeleke shule wala madrasa kwa hali yoyote. Mwalimu ataona kisu, na atakuwa na haki ya kukichukua.

*Mvuvi wa hapa Malindi: Kinafaa kukatia chambo na kamba?*

Hapana, bwana. Mchanga na chumvi vitaingia kwenye bushi siku ya kwanza, na magamba ya samaki yatanata ndani ya mipini ambako huwezi kuyafikia bila bisibisi. Baki na kisu cha mpini mmoja usiokunjwa; kinaoshwa kwa maji baridi mara moja na kimeisha kazi.

*Ndugu yangu yuko Birmingham, Uingereza. Naweza kumtumia kama zawadi?*

Cha makali usimtumie kamwe. Kikifika, anayeingia matatani ni yeye aliyepokea.

*Kutoka Watamu: Ubapa umeandikwa "440" bila herufi. Ni kizuri?*

440 ni aina ya chuma kisichoshika kutu. Ziko A, B na C, na C ndiyo yenye kaboni nyingi na inayoshika makali zaidi. Asiyeandika herufi kwa kawaida hana C ya kujivunia. Kwenye cha mazoezi haidhuru. Na usinoe ubapa wa mazoezi ukidhani utapata viwili kwa bei ya kimoja: chuma chake mara nyingi hakikuunguzwa kikawa kigumu, kwa hiyo hakishiki makali, na yale matundu huufanya upinde ukianza kukatia.