Nitamsikia Nani? Namna ya Kupeleka Wazo la Makala kwenye Redio ya Vijana

Wazo la kwanza nililopeleka redioni lilikuwa na kurasa 4 na kichwa kisemacho "Vijana na Ukosefu wa Ajira". Niliweka takwimu, nikaweka majina ya wataalamu nitakaowahoji, nikaeleza kwa kirefu kwa nini jamii inahitaji kulisikia jambo hili. Siku ya tatu mhariri alinipigia simu akaniuliza swali moja tu: "Dakika ya kwanza, nitamsikia nani?" Sikuwa na jibu, kwa sababu sikuwa nimezungumza na kijana hata mmoja asiye na kazi. Wazo likafia hapo.

Nimetengeneza makala za redio kwa miaka 15 sasa, na hii 6 ya mwisho kazi yangu ni kupokea mawazo ya wengine kwenye redio ambayo wasikilizaji wake ni vijana. Kila asubuhi nafungua barua pepe nikiwa na swali lile lile. Mengi ya mawazo ninayoyakataa yametoka kwa watu wenye uwezo, wanaojua kuandika na wanaojali kweli kweli. Kinachokosekana ni mtu. Wanatuma mada.

"Afya ya akili kwa vijana" ni mada. "Mitandao ya kijamii na maadili" ni mada. Mada haina mlango wa kuingilia, na msikilizaji wa miaka 20 mwenye simu mkononi hatakusubiri uutafute.

Nikupe mfano mmoja niliouona tangu mwanzo hadi mwisho. Kijana mmoja mtayarishaji alituma mistari hii: "Napendekeza makala kuhusu changamoto wanazokumbana nazo watoto wa wazazi viziwi. Makala itaangazia elimu, afya na mawasiliano, na itatoa mapendekezo kwa wadau." Sarufi safi, nia njema. Nilikuwa karibu kumjibu hapana, lakini neno "viziwi" likanifanya nisite: redio, na watu wasiosikia? Nikampigia. Nikamuuliza, wewe haya umeyajulia wapi?

Akasema ana jirani yake. Binti wa miaka 19, baba na mama wote viziwi. Nikamuuliza nyumba hiyo ikoje ukiingia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ina kelele sana." Na hapo ndipo alipoanza kunisimulia bila kujua kwamba anasimulia. Kwamba milango ya kabati inabamizwa kwa sababu anayeibamiza haisikii. Kwamba wakitaka kuitana wanapiga mguu sakafuni ili mtetemo umfikie mwenzao, na usiku wanawasha na kuzima taa. Kwamba huyo binti ndiye aliyekuwa mdomo wa wazazi wake tangu ana miaka 6: hospitali yeye, benki yeye, na siku moja shuleni mwalimu aliwaita wazazi kumshtaki yeye mwenyewe, ikabidi ayatafsiri mashtaka yake kwa mikono yake. Sasa amepata nafasi ya chuo mji wa mbali, na anaondoka baada ya wiki 7.

Nikamwambia arudi akaandike hayo. Akatuma hivi: "Kwa miaka 13 amekuwa masikio na mdomo wa wazazi wake viziwi. Baada ya wiki 7 anaondoka kwenda chuo. Tutakaa naye wiki zote hizo, katika nyumba yenye maneno machache na vishindo vingi, familia ikitafuta ni nani atakayepokea simu yeye akishaondoka."

Mada ni ile ile. Lakini sasa kuna mtu, kuna kitu anachokitaka, kuna kinachomzuia, na kuna muda unaokatika. Ukikosa hicho cha mwisho, mara nyingi utaishia na mahojiano marefu juu ya mambo yaliyokwisha kupita. Mimi nampenda sana mtu ambaye jambo lake bado halijaisha, kwa sababu hata mtayarishaji hajui litaishaje, na hali hiyo husikika katika sauti yake.

Halafu nikamrudishia swali gumu zaidi: wazazi nitawasikiaje? Hili usiliache mhariri akuulize. Liandike mwenyewe. Yule kijana alikwenda kukaa jioni mbili kwenye nyumba ile na kinasa sauti, akagundua kwamba lugha ya alama si ya kimya kama tunavyodhani. Viganja vinagongana, nguo zinachakarika, pumzi zinatoka kwa nguvu mtu akikasirika, na mama anapocheka anacheka kwa sauti. Juu ya hayo, binti anatafsiri palepale, na kuna wakati anakataa kutafsiri. Huko kukataa kwake kulikuwa na uzito kuliko dakika 10 za mtaalamu. Katika andiko lako taja sauti 3 au 4 ambazo umezisikia kwa masikio yako. "Sauti za mazingira ya nyumbani" haitoshi. Sema ni kishindo cha nini, saa ngapi, nani anakifanya.

Kabla hujaandika chochote, lakini, isikilize redio yenyewe. Namaanisha wiki nzima, na daftari. Andika makala zao zina dakika ngapi hasa, maana nafasi inayoitwa ya nusu saa huliwa na taarifa ya habari na matangazo, ukabaki na 28 au 26. Andika nani anasimulia: mtangazaji, au mhusika mwenyewe? Muziki unaingia lini? Wanaruhusu lugha ya mtaani kiasi gani? Angalia pia walichorusha miezi ya karibuni, kwa sababu hakuna kinachochosha kama kupokea wazo la jambo tulilolitoa majuzi kutoka kwa mtu anayedai anatusikiliza kila siku.

Na uliza "kijana" kwao ni nani. Umoja wa Mataifa kwa takwimu zake humhesabu kijana kuwa wa miaka 15 hadi 24. Mkataba wa Vijana wa Afrika wa mwaka 2006 unakwenda 15 hadi 35. Mvulana wa miaka 16 anayelala kwa wazazi na mama wa miaka 33 mwenye watoto wawili wote ni vijana kwa karatasi, lakini wazo linalomgusa mmoja linaweza lisimguse mwenzake hata kidogo. Redio nyingi zina umri zinaoulenga. Ukiuandika kwenye andiko lako, mhariri anajua umefanya kazi.

Jambo linaloniuma zaidi katika mawazo ninayopokea ni vijana kuzungumziwa. Orodha ya wahojiwa ina daktari, afisa, mzazi, mwalimu, na mwishoni "baadhi ya vijana". Geuza orodha hiyo. Mwaka 1993, mtayarishaji David Isay aliwapa vinasa sauti wavulana wawili wa Chicago, LeAlan Jones wa miaka 13 na Lloyd Newman wa miaka 14, wakarekodi maisha yao wenyewe kwa siku 10. Makala ile bado inasikilizwa na kufundishwa hadi leo. Kama mhusika wako anaweza kushika maikrofoni mwenyewe, sema hivyo kwenye andiko, na useme utamfundishaje.

Andiko lenyewe liwe ukurasa mmoja. Kichwa kifupi, kisha sentensi mbili au tatu kama zile za binti, zikiwa juu kabisa, kabla ya kujitambulisha. Kisha aya ya nini kitatokea, aya ya tutasikia nini, na mistari michache ya kwa nini sasa na kwa nini kwenu. Mwishoni urefu, ratiba, na wewe ni nani. Wasifu wako mrefu haunisaidii. Nisaidie kwa kunieleza kwa nini mtu huyu amekukubali wewe uingie nyumbani kwake. Lisome kwa sauti kabla hujalituma. Ulimi ukikwama mahali, na mimi nitakwama hapo hapo.

Ambatanisha kipande cha sauti. Kama ningeruhusiwa kutoa ushauri mmoja tu, ningetoa huu. Sekunde 60 hadi 90 za mhusika akizungumza, bila muziki, bila wewe kueleza kwanza. Simu inatosha kwa hatua hii, mradi uiweke kama shubiri moja kutoka mdomoni, kando kidogo ili pumzi isigonge maikrofoni, katika chumba chenye mapazia au godoro la kunyonya mwangwi. Vaa hedifoni unaporekodi. Bila hizo hutasikia feni wala jokofu hadi umefika nyumbani. Kabla hujaondoka rekodi dakika moja ya chumba kikiwa kitupu cha maneno, utaihitaji wakati wa kuhariri kuziba mapengo. Rekodi kwa WAV, yaani faili la sauti isiyobanwa, na kwenye mipangilio chagua 48 kHz na biti 24 kama kifaa chako kinaweza, lakini mhariri mtumie MP3, ambayo imebanwa na ni ndogo, au kiungo. Faili kubwa hukwama, na mtu aliyekwama hasikilizi.

Bajeti sina mengi ya kusema, ila iwe ya kweli. Wengi husahau usafiri wa mara ya pili, siku za kuandika mahojiano neno kwa neno, na malipo ya haki za muziki. Makala yangu moja ya nusu saa ilitokana na saa 11 za kurekodi. Zihesabu saa hizo.

Ukiitwa kwenye kikao, usianze na maelezo. Cheza kipande, kisha nyamaza sekunde chache uwaache wakae nacho. Utaulizwa: ikiwa mhusika atajitoa, itakuwaje? Uwe na jibu. Utaulizwa kama hadithi inaweza kuwa podikasti ya sehemu 3. Kama haiwezi, sema haiwezi. Nimewahi kuona wazo zuri likivutwa mpaka likakatika kwa sababu mwenyewe aliogopa kusema hapana.

Usipojibiwa ndani ya wiki mbili, uliza kwa ujumbe mfupi, mara moja. Ukikataliwa, uliza kilichokataliwa ni mhusika, umbo, au wakati. Mara nyingi ni wakati tu.

Watu huniuliza: nikituma, si wataniibia wazo? Hofu hii naielewa, na inapotokea ni dhuluma. Sheria za hakimiliki kwa kawaida hulinda kazi iliyokwisha kufanywa, hazilindi wazo tupu. Kwa hiyo tunza barua pepe zenye tarehe, lakini ujue ulinzi wako mkubwa ni ule uhusiano: binti yule na wazazi wake walimfungulia mlango jirani yao, wasingemfungulia mtu mwingine. Wazo lolote likikubaliwa, soma mkataba kabla ya kutia saini. Uliza rekodi zote ambazo hazikutumika zitabaki kwa nani, makala itarushwa mara ngapi, na kama itauzwa kwingine utapata nini.

Na mhusika naye ana haki zake. Kwa Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Unahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi, na ridhaa yake mwenyewe pia. Lakini hata kwa mtu mzima, ridhaa ya siku ya kwanza haitoshi. Mtu wa miaka 19 anaweza kukubali leo akiwa na furaha, na sauti yake ikabaki mtandaoni hadi ana miaka 40. Mweleze hivyo kwa maneno hayo. Andika kwenye andiko lako utafanya nini akibadili mawazo. Redio ya vijana inayojiheshimu itakuuliza.

Katika andiko la mwisho la yule kijana kulikuwa na mstari mmoja uliotufanya tukubali bila mjadala mrefu: "Wazazi watapewa maandishi yote ya makala kabla haijarushwa, na binti yao atakaa nao wayasome pamoja." Watu wasioweza kuisikia makala yao, na yeye alikwisha kufikiria wataipataje.

Walikaa nayo jioni nzima. Mama alicheka sehemu ya shuleni. Alipofika kwenye sehemu ya hospitali, ambapo binti akiwa na miaka 11 alilazimika kumwambia mama yake majibu ya vipimo kabla hajayaelewa yeye mwenyewe, aliweka karatasi chini akaomba itolewe. Ilikuwa sauti nzuri kuliko zote tulizokuwa nazo. Tukaitoa, na makala ikarushwa ikiwa na dakika 26 badala ya 28.