Jinsi ya kuweka flapu zinazofanya kazi kwenye ndege ya rimoti

Wadau wa ndege za rimoti, kama una trena (ndege ya kujifunzia) ya foamu yenye bawa juu, ile ya mita 1.4 hivi, na kiwanja unachorushia ni kifupi kiasi kwamba kila ukija kutua ndege inaelea tu haitaki kushuka mpaka inamaliza kiwanja na kuingia majanini, basi dawa yake ni flapu, yaani vipande vya nyuma ya bawa karibu na bodi vinavyoshuka pamoja wakati wa kutua. Zinaongeza mpindo wa bawa, kwa hiyo ndege inabaki hewani hata ikiwa na spidi ndogo, na papo hapo zinaongeza ukinzani wa upepo, kwa hiyo unaweza kushuka kwa pembe kali bila ndege kukimbia. Angalia ndege ndogo za abiria za Cessna Caravan zinazotua Zanzibar au pale Wilson Nairobi, flapu zake zimekula sehemu kubwa ya ukingo wa nyuma wa bawa na zinashuka mpaka digrii 30, ndo maana zinatua hata kwenye viwanja vya vumbi vya mbugani. Ila kama ndege yako haifiki hata mita moja na ni nyepesi mi nakushauri usihangaike, yenyewe tayari inatua taratibu.

Kabla hujashika kisu elewa hili, maana kazi yote inayofuata inalenga hapo: flapu mbili lazima zishuke sawasawa na kwa wakati mmoja. Ikishuka moja zaidi ya mwenzake tayari umeshatengeneza aileroni (vile vipande vya karibu na ncha za bawa vinavyoilaza ndege kulia au kushoto), ndege itabingirika, na kwa kuwa flapu unazitumia ukiwa chini, hutakuwa na nafasi ya kuiokoa.

Tuanze na kupima. Bawa likiwa na upana wa sm 20 kutoka mbele kwenda nyuma, flapu iwe na upana wa sm 5, yaani robo. Urefu wake uanzie karibu na bodi mpaka aileroni inapoanzia, kwa ndege ya saizi hii ni kama sm 30 kila upande. Kuna ndege zinakuja na mstari wa flapu umeshachorwa kwenye foamu na kishimo cha servo (kimota kidogo kinachosogeza flapu) kipo, ukikuta hivyo umepona, fuata mstari. Chora kwa rula pande zote mbili, pima tena, halafu kata kwa wembe mpya, maana wembe butu unachana foamu. Acha nafasi ya milimita 2 kila mwisho wa flapu isije ikakwama kwenye bodi au kwenye aileroni.

Bawaba iweke juu ya bawa sio chini, ili hewa ya juu ipite bila kukuta ufa. Selotepu nzuri inatosha kabisa, bandika juu kwa urefu wote, kisha kunja flapu ije juu ya bawa ubandike vipande vingine kwa ndani. Sasa kwa kuwa bawaba iko juu, flapu ikitaka kushuka ukingo wake wa chini utagonga bawa, kwa hiyo ukingo wa mbele wa flapu uchonge kwa digrii 45 upande wa chini, malizia na msasa. Foamu ya sm 30 inajipinda kirahisi, upande mmoja unashuka mwingine unabaki nyuma, kwa hiyo chana mfereji mdogo kwa urefu ulaze vijiti vya mshikaki na gundi. Angalizo, supa gluu ya kawaida inayeyusha foamu nyeupe ile ya kwenye maboksi ya TV, hiyo tumia gundi ya moto na usiiache ipate moto sana.

Servo za gramu 9 zinatosha, ila mi napendelea zenye gia za chuma, kwa sababu flapu ikigonga majani wakati wa kutua gia za plastiki ndo za kwanza kung'oka meno. Chimba kishimo chini ya bawa, katikati ya urefu wa flapu, na uangalie usikate bomba la kaboni linalopita ndani ya bawa.

Hapa ndo wengi wanapokwama. Ukifunga servo mbili kama mtu na kioo chake, yaani kila moja inaangalia ncha ya bawa lake, halafu ukaziunganisha na waya wa Y (unaogawa chaneli moja kwa servo mbili), moja itashusha flapu na nyingine itapandisha. Suluhisho ni mawili. La kwanza, funga zote mikono yake ikiangalia upande mmoja, mfano zote kulia, na waya wa Y utafanya kazi vizuri. La pili, ambalo mi ndo nalipenda, kila servo iwe na chaneli yake, yaani njia yake ya amri, moja chaneli ya 5 nyingine ya 6, kisha moja unaigeuza mwelekeo kwenye redio (rimoti unayoishika), hapo unaweza kurekebisha mwisho wa kila upande peke yake mpaka zilingane. Redio ya FlySky FS-i6 ina chaneli 6 na swichi C yenye hatua tatu, zote mbili zipe swichi hiyo hiyo.

Mkono wa servo tumia tundu la ndani, kama mm 10 kutoka katikati, na pembe ya kwenye flapu, yaani kile kipande kinachosimama chini ya flapu unapofungia waya wa chuma unaotoka kwenye servo, iwe na urefu wa mm 18 hivi, hapo servo itazunguka yote na flapu itashuka kama digrii 45. Flapu ikiwa juu mkono ulale kuelekea nyuma, ikishuka uje mbele. Kwa mpango huu servo inavuta waya badala ya kuusukuma, hata upepo ukibana flapu waya haupindi.

Kupima digrii huhitaji kifaa. Kwa flapu ya sm 5, ncha ya nyuma ikishuka sm 1.7 hiyo ni digrii 20, ikishuka sm 3.2 ni digrii 40. Hatua ya kati ya swichi iwe digrii 20, hatua ya mwisho iwe 40, pima kulia na kushoto, rekebisha mpaka rula iseme namba ile ile pande zote. Servo ikilia zzz mwisho wa safari inabanwa, ipunguzie mwendo wa mwisho. Cheki pia BEC (kifaa kinachozipa servo umeme kutoka betri kuu) inatoa ampea ngapi, maana umeongeza servo mbili, na hakikisha balansi ya ndege haijahama.

Zishuke taratibu, sekunde mbili tatu. Redio kama haina sehemu ya kupunguza spidi ya servo, tumia kitufe cha kuzungusha VrA badala ya swichi na uzungushe polepole.

Mara ya kwanza panda juu kabisa, mita 50 au zaidi, punguza throto (nguvu ya mota), elekea kwenye upepo, shusha nusu. Ikibingirika rudisha hapo hapo. Trena za bawa juu mara nyingi zinainua pua, kwa hiyo kwenye redio weka miksi, yaani flapu zikishuka eleveta (kipande cha mkiani kinachopandisha na kushusha pua) nayo ishuke yenyewe kidogo, milimita 2 kwanza, halafu ongeza kwa kuona. Ukishaweka miksi angalia flapu zikiwa juu eleveta bado iko katikati. Kisha ukiwa bado juu shusha zote, punguza spidi mpaka istoli, yaani bawa lishindwe kuibeba ndege, ujue inaanguka vipi.

Kutua, shusha zote ukiwa umeshanyooka na kiwanja na uache throto kidogo, maana ndege inapunguza mwendo haraka sana. Ukiona kutua kumeharibika, ongeza throto kwanza, ipande, ndo urudishe flapu nusu, halafu zote. Usizirudishe ghafla ukiwa chini, itazama. Na siku ya upepo mkali wa kukata ubavu tua bila flapu au na nusu tu.