Kabla hujaripoti kazini na kiti mwendo

Mtu aliyeumia uti wa mgongo akipata kazi ya mezani, mara nyingi hushughulikia vyeti, nguo na nauli. Kinachokuja kumrudisha nyumbani ni kidonda cha makalio, au UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) ya kujirudia. Anza na mwili, kazi ipangwe baadaye.

Wiki kadhaa kabla, ishi nyumbani kwa saa za ofisini: panda kitini saa 1 asubuhi, shuka saa 11 jioni. Kama hujazoea, anza na saa chache uongeze taratibu. Kila usiku kagua makalio, mkiani, nyonga na visigino kwa kioo cha mkononi. Ngozi nyeusi haionyeshi wekundu vizuri, kwa hiyo tafuta pia sehemu iliyozidi weusi, yenye joto, ngumu au iliyovimba. Alama isiyofutika nusu saa baada ya kushuka inakwambia mto haukufai au unakaa mno bila kuhama. Kila dakika 15 hadi 30, funga breki, shika meza, inama mbele kifua kielekee magotini, ukae hivyo dakika 2. Kujinyanyua kwa mikono sekunde chache hakutoshi. Damu haijapata muda wa kurudi kwenye ngozi, na mabega unayaumiza bure. Kikao kikirefuka, inama hapo hapo kikaoni.

Anayetoa mkojo kwa katheta (mpira wa mkojo) ya kuingiza na kuchomoa huhitaji kufanya hivyo kila saa 4 hadi 6, kibofu kisizidi mililita 500. Kosa tunalolichukia kuliko yote ni kujinyima maji kwa sababu choo cha ofisini hakiingiliki. Mkojo hukolea, bakteria hukaa, mawe hufuata. Basi choo kipime kabla ya kusaini mkataba. Nenda na futi: fungua mlango, pima kutoka kwenye ubao wake hadi fremu ya upande wa pili, kwa sababu fremu hadi fremu hukudanganya. Chini ya sentimita 80 ni taabu. Mlango unaofungukia ndani ya choo kidogo hautafungika ukiwa humo.

Kwenye mteremko, kila sentimita 1 ya kimo inataka sentimita 12 za urefu. Ngazi moja ya sentimita 15 inadai mita 1.8, ukifupishwa, kiti hupinduka kinyumenyume.

Begi libebe katheta za siku na mbili za akiba, jeli, sabuni, suruali ya kubadili na pampu. Tairi lisilo na upepo hufanya breki zisishike, nawe uteleze unapohamia kwenye bajaji.

Aliyeumia pingili ya sita ya kifua au juu yake amfundishe mfanyakazi mwenzake mmoja hili: kichwa kikigonga ghafla na jasho likitoka usoni, presha imepanda. Asimlaze. Amkalishe wima, alegeze mkanda na viatu, kisha aangalie kama mpira wa mkojo umekunjika au kibofu kimejaa. Isiposhuka, hospitali mara moja.

Tanzania Bara, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Hujapewa sadaka, kwa hiyo omba kwa maandishi: muda wa choo, meza yenye uwazi wa kama sentimita 70 chini, na chumba cha kujinyoosha nusu saa mchana.